Mwalimu Ugenini: Mshahara, Akiba na Malipo ya Uzeeni

Maneno haya yalisemwa katika ukumbi wa parokia, siku ya semina ya waalimu wanaojiandaa kwenda kufundisha Kiingereza nchini Rwanda, pamoja na jamaa zao. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Najua leo ni Jumamosi na wengine mmeacha mahindi juani. Sitawachelewesha.

Padre ameshasema juu ya kushika imani ugenini. Mimi nimeombwa niseme juu ya pesa. Kama mnavyojua, kazi yangu ni ya ustawi wa jamii, na watu huja ofisini kwangu wakati mambo yameshaharibika. Kwa hiyo mengi nitakayosema niliambiwa na watu waliokwisha kurudi. Nataka nyinyi myajue kabla ya kwenda.

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba shule zake zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikaingia katika Jumuiya ya Madola. Waalimu wengi wa huko walikuwa wamesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, na wakahitaji wa kuwasaidia. Tangu wakati huo waalimu wa Kenya na Uganda wamekuwa wakienda. Na huku kwetu tuna vijana waliomaliza chuo zamani, wana namba ya TSC lakini hawajaajiriwa. Wanafundisha chini ya bodi ya shule, na mshahara wao unangoja karo ya wazazi. Mtu kama huyo akisikia kuna nafasi Kigali, anapanda basi. Mimi sina neno na hilo. Kazi ni kazi.

Neno langu ni hili tu: kandarasi yako ina mwisho, lakini uzee wako unakuja hata kama hakuna kandarasi. Usipojiwekea mwenyewe, hakuna atakayekuwekea.

Mshahara ulioahidiwa na mshahara wa mkononi

Hebu tufanye hesabu pamoja. Tuseme shule imekuahidi faranga 400,000 kwa mwezi. Huu ni mfano tu, lakini makato ni ya kweli.

Kodi ya Rwanda iko hivi: faranga 60,000 za kwanza hazikatwi. Kutoka hapo hadi 100,000 ni asilimia 10. Kutoka 100,000 hadi 200,000 ni asilimia 20. Zinazozidi hapo ni asilimia 30. Kwa mshahara wetu wa mfano, kodi ni faranga 84,000. Halafu kuna mchango wa uzeeni katika mfuko wa RSSB. Tangu Januari 2025 mfanyakazi anakatwa asilimia 6 na mwajiri anaongeza asilimia 6. Hiyo ni faranga 24,000 kwako. Kuna makato mengine madogo ya uzazi na ya bima ya afya ya wananchi. Ukimaliza yote unabaki na kama 289,000, na bado hujalipa nyumba wala chakula.

Kijana mmoja aliniambia, "Lakini mimi nilihesabu laki nne!" Alikuwa ameshawaahidi wadogo zake wawili karo kwa hesabu ya laki nne. Basi unapoletewa barua ya kazi, uliza: hizi ni kabla ya makato au baada? Majibu yaandikwe. Na mwajiri akikuambia, "Sisi hatukati kitu, tunakupa zote mkononi," usifurahi haraka. Huenda maana yake ni kwamba hakuna mchango wowote unaoingia kwa jina lako.

Faranga si shilingi

Jambo la pili linawashangaza wengi. Mshahara unalipwa kwa faranga, lakini karo, sacco na mafundi wa nyumbani wanataka shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2024, faranga 100,000 zilileta kama shilingi 12,500. Kufikia katikati ya mwaka 2025, faranga zile zile 100,000 zilileta kama shilingi 9,000. Mwalimu hakupunguziwa mshahara hata senti moja. Shilingi yetu ilipata nguvu, faranga ikashuka, na shilingi 3,500 zikapotea njiani.

Kwa hiyo usijifunge na mkopo wa shilingi ambao unameza kila kitu unachotuma. Acha nafasi. Ukikopa kwa hesabu ya siku nzuri, siku mbaya itakukuta huna pa kujishika.

Usiwaachie wadhamini mzigo

Sasa nataka niseme kisa kimoja, na sitataja mtu wala mahali.

Mama mmoja mwalimu alikuja ofisini akiwa na karatasi ya mshahara mkononi. Aliiweka mezani bila kusema neno. Nikaona mkato wa sacco, nikamwuliza kama amekopa. Akasema, "Mimi sijakopa. Nilimdhamini mwenzangu." Mwenzake alichukua mkopo, akaenda kufundisha nchi ya nje. Shule aliyoiendea ikachelewesha mshahara miezi mitatu. Yeye akaona aibu kupiga simu, akanyamaza. Sacco ikawageukia wadhamini watatu, kama sheria inavyoruhusu. Wiki ile mtoto wa huyu mama alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, huku mama yake akilipa deni la mtu mwingine.

Yule mwalimu hakuwa mwizi. Alirudi baadaye, tukakaa naye katika jumuiya ndogo ndogo, akakubali kulipa kidogo kidogo, na alilipa. Lakini urafiki wa miaka kumi na mbili haukurudi kama ulivyokuwa. Wakikutana kanisani wanasalimiana tu.

Ukiwa na mkopo, nenda ofisini kwa sacco kabla ya safari. Waambie unaenda wapi na utalipa kwa njia gani. Waite wadhamini wako, uwaonyeshe kandarasi. Na mshahara ukichelewa, piga simu siku hiyo hiyo. Aibu ya simu moja ni ndogo kuliko ile ya miaka.

Malipo ya uzeeni

Hapa waalimu wetu wako makundi mawili.

Kundi la kwanza ni nyinyi mlioajiriwa na TSC mnaofikiria kuacha kazi. Mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021 uko hivi: mwalimu anakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, na serikali inaweka asilimia 15. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 40,000. Wewe unaweka 3,000, serikali inaweka 6,000. Jumla ni 9,000 kila mwezi. Kwa miaka miwili ni 216,000, bila kuhesabu faida. Siku unayoacha kazi, mkondo huo unakauka. Mnapolinganisha mshahara wa huku na wa kule, lazima hizo 9,000 ziingie katika hesabu. Wengi hulinganisha tu kile kinachoingia mfukoni.

Na tafadhali, msiondoke kimya kimya. Kuna watu huaga kama wanaenda matanga, kumbe wamevuka Busia. TSC inahesabu hilo kuwa kutoroka kazi, na ni kosa la nidhamu linaloweza kufuta jina lako katika rejista. Andika barua, ngoja jibu, weka nakala. Omba pia taarifa ya michango yako ya pensheni.

Kundi la pili ni nyinyi ambao hamjawahi kuajiriwa na serikali. Wengi wenu mna namba ya NSSF iliyolala. Iamsheni. NSSF inapokea michango ya hiari kutoka kwa mtu asiye na mwajiri nchini, na unaweza kutuma kwa simu. Iko pia mipango ya pensheni ya mtu binafsi. Ukichagua huo, hakikisha kwanza umesajiliwa na RBA, ile mamlaka ya malipo ya uzeeni iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mtu akija na mpango wa kuzaa pesa mara mbili kwa mwaka, mpe chai aende.

Na mchango wa Rwanda je? Kwa sheria ya huko, pensheni ya kila mwezi inahitaji uwe umechangia miaka 15 na kufikisha miaka 60. Ukichangia miaka miwili au mitano, ukifika umri huo unapata malipo ya mkupuo, mara moja tu. Hazitakuwa nyingi, lakini ni zako. Kwa hiyo namba yako ya RSSB usiitupe. Iandike mahali pamoja na namba ya NSSF, na mtu mmoja wa nyumbani aijue. Kila miezi mitatu uliza kama michango imeingia kweli. Kukatwa kwenye karatasi ni jambo moja, na kufika kwenye mfuko ni jambo lingine.

Sehemu moja ya tano

Mnamkumbuka Yosefu kule Misri. Katika miaka saba ya shibe aliweka sehemu moja ya tano ya mavuno. Hakungoja njaa ianze. Tena aliweka kwanza, watu wakala kilichobaki. Sisi tunafanya kinyume: tunakula kwanza, halafu tunatafuta cha kuweka.

Katika mfano wetu wa faranga 289,000, sehemu ya tano ni kama 58,000. Igawe mara mbili. Nusu ni ya uzeeni, haiguswi. Kwa viwango vya mwaka 2025 hiyo ilikuwa kama shilingi 2,600 kwa mwezi. Nusu nyingine ni ya dharura, mpaka ifikie matumizi ya miezi mitatu na nauli ya kurudi nyumbani.

Msidhani dharura ni maneno ya kutisha watoto. Februari 2019 mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ambako mabasi yetu hupita, ulifungwa. Haukufunguliwa mpaka Januari 2022. Machi 2020 korona ikafunga shule, na za Rwanda zikaanza kufunguliwa tena Novemba. Fikirini mwalimu wa shule ya binafsi aliyekuwa ugenini miezi hiyo yote, bila mshahara, na mwenye nyumba anabisha mlango. Wengine waliuza simu ili wale.

Alisimama mama mmoja hapa mbele akaniuliza, "Sasa wewe, mwanangu akiweka zote hizo, sisi tuliomsomesha tutapata nini?" Mama, swali lako ni la haki, na watu walicheka kwa sababu kila mzazi alikuwa nalo moyoni. Jibu langu ni hili. Mtoto akae na nyinyi kabla ya safari, aseme kiasi atakachotuma kila mwezi, na kiasi hicho kiwe kile anachoweza katika mwezi mbaya. Humo mweke mchango wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ili mzazi akiugua tusianze kuitisha harambee. Lakini akituma zote leo, mama, atarudi baada ya miaka miwili na mkoba mtupu, na atakula kwako tena.

Na nyinyi vijana, pesa za kujenga msizichanganye na pesa za chakula kwenye simu ya ndugu. Ndugu anaona watoto wana njaa, anachukua mfuko mmoja wa saruji, kesho mwingine. Si kwamba hakupendi. Umempa mtihani mgumu. Weka katika akaunti yako mwenyewe, na fundi alipwe kwa kazi iliyoonekana, kwa risiti.

Karatasi moja

Kabla ya kuondoka hapa mtapewa karatasi moja kila mtu. Andikeni mambo sita: mshahara baada ya makato, kiasi cha kutuma nyumbani, deni lililobaki na majina ya wadhamini, namba za NSSF na RSSB, sehemu ya tano itawekwa wapi, na tarehe ya mwisho ya kandarasi. Nakala moja ibaki na wewe, nyingine ibaki na mtu unayemwamini. Kwa wenye ndoa, mtu huyo ni mume au mke, tafadhali, si rafiki.

Mkiona kuna mahali pa kujaza na hamna jibu, hiyo ndiyo kazi yenu ya wiki hii. Mimi niko ofisini Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa saba. Njooni na barua za kazi tuzisome pamoja. Ni afadhali tuonane sasa kuliko mje na karatasi kama ile ya yule mama.

Mungu awatangulie safarini, na awarudishe salama.