Ijue Gesi ya Friji Yako

Leo tuzungumzie gesi inayoifanya friji itoe baridi.

Hapa Junju, mama anayeuza barafu hutegemea friji yake. Nyuma ya friji kuna kibandiko. Tafuta herufi R na nambari. Hilo ndilo jina la gesi. Friji za zamani zilitumia R12. Hiyo iliharibu tabaka la ozoni, ikaondolewa kupitia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Baadaye ikaja R134a. Friji nyingi mpya za nyumbani zina R600a.

Wataalamu huzipanga gesi hizi kwa usalama. Herufi A maana yake sumu ni ndogo. B, sumu ni kubwa zaidi. Nambari 1 haishiki moto. 3 hushika moto upesi. R134a ni A1. R600a ni A3, ndugu ya gesi ya kupikia, lakini kwa kawaida haitiwi ile harufu ya kutuonya.

Kwa hivyo, mama, usibandue barafu kwa kisu. Zima friji, iache iyeyuke yenyewe. Ikitoboka ukasikia gesi ikitoka, watoe watoto nje kwanza, kwani gesi hii hutuama chini wanapotambaa. Fungua milango na madirisha. Usiwashe kiberiti wala kugusa swichi. Kisha mwite fundi, naye atie gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko, si nyingine.