Ufito na Chambo Bandia: Kipi Kitangulie Kununuliwa



Vikundi vya vijana vya mwambao vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, huweza kuorodhesha fito za kuvulia na rili katika maandiko yao ya mradi. Mkopo huo hauna riba, lakini hurejeshwa. Ufito ukivunjika siku ya kwanza baharini, deni halivunjiki nao.

Kosa ni kununua ufito kwanza na chambo baadaye. Mvuvi huanza na samaki anayemtafuta; samaki humwonesha chambo, na chambo humwonesha ufito.

Juu kidogo ya mshikio wa ufito mpya mara nyingi huwa na tarakimu, mathalani 20–60 g. Huo ndio uzito wa chambo ambao ufito umeundwa kuurusha. Chambo cha gramu 5 hakiupindi, hivyo huanguka karibu na mrushaji. Cha gramu 120 kikirushwa kwa nguvu zote, ufito huweza kukatika. Alama ya lb, ambayo wengi huichanganya na hiyo, kwa kawaida huhusu nguvu ya mshipi.

Kolekole mkubwa wa kandokando ya miamba hufuata chambo kinachoelea na kupiga maji kwa kishindo. Hapo hutakiwa ufito wa futi 7 hadi 8, mgumu, kwa kuwa samaki huyo akishauma hukimbilia mwambani, na ufito laini haumzuii. Chambo kizito cha chuma kinachoshushwa wima chini ya chombo kwa ajili ya chewa au jodari hutosheka na futi 5 hadi 6: hakirushwi, na mkono unaokipandisha na kukishusha asubuhi nzima huchoshwa na ufito mrefu. Chambo chenye umbo la samaki na ndoana za makucha matatu hupatana na ufito wenye ncha laini, maana ufito mkavu huzichomoa ndoana samaki anapotikisa kichwa.

Nguru hukokotewa chambo kwa ufito mfupi na imara. Meno yake hukata nailoni, hivyo kipande cha waya hutangulia chambo; gharama yake ni ndogo kuliko ya chambo kinachopotea.

Wala isidhaniwe kwamba ufito humshinda mshipi wa mkono kila mahali. Kwa changu, mshipi na kipande cha ngisi bado hutosha, na havihitaji mkopo.

Kabla kikundi hakijachukua ankara kifani dukani, orodha ya vifaa ioneshwe kwa afisa uvuvi, ikitaja kwa kila ufito samaki anayekusudiwa na uzito wa chambo chake.