Muuguzi Ndani ya Nyumba ya Mvuke



Juma lililopita niliahidi kuzungumzia bei ya dagaa katika mialo yetu. Naomba radhi, ahadi hiyo nitaitimiza Jumapili ijayo. Leo nina jambo nililolibeba tangu Novemba 2018, na kila nilipotaka kulisema hapa nilijikuta nimehamia kwenye vumbi la barabara za Buswelu. Mwenyewe amenipa ruhusa mwezi uliopita. Walio na watoto wadogo karibu na redio wawatume dukani, kisha tusikilizane.

Mwaka huo nilikwenda Uholanzi kwa mafunzo ya majuma matatu juu ya uandishi wa habari za afya. Mwalimu alitupa kila mmoja kazi ya kutafuta mahali ambapo huduma ya afya inamfuata mtu, badala ya mtu kuifuata huduma. Mwenzetu mmoja aliwahi gereza, mwingine akawahi kambi ya wakimbizi. Mimi nilichelewa, nikabakiwa na sauna ya mashoga mjini Amsterdam. Nilikataa. Mwalimu akaniuliza kama mwandishi wa habari za afya huchagua wagonjwa. Nikanyamaza, nikachukua anwani.

Natumia neno mashoga kwa kuwa ndilo mnalolijua, ingawa kule pwani kina mama huitana shoga bila ubaya wowote.

Sauna ni neno la watu wa Finland, na kitu chenyewe hakitushindi kukielewa. Ni kujifukiza, isipokuwa badala ya chungu, majani na blanketi kuna chumba cha mbao chenye jiko la mawe ya moto, na kingine chenye mvuke mzito hata humwoni aliyekaa mbele yako. Nyumba ya kuogea pamoja nayo si ngeni kwetu. Ukifika Mji Mkongwe wa Zanzibar utaoneshwa Hamamni, bafu zilizojengwa na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Watu wa mjini walikwenda humo kuoga na kupiga soga.

Hizi za Ulaya ninazozisema zina jambo la ziada. Mwanaume hulipa kiingilio, hupewa taulo, kandambili na ufunguo wa kabati ambao huufunga mkononi. Huvua nguo zote akazifungia humo pamoja na simu yake. Kuna baa, kuna bwawa, kuna vyumba vya mvuke, na kuna vyumba vidogo vyenye milango na vingine visivyo na taa. Kazi ya vyumba hivyo sina haja ya kuieleza. Nyumba za namna hiyo zipo Amsterdam, Berlin, Paris, Barcelona na miji mingine mingi, nazo hufanya biashara mchana kweupe. Uholanzi iliondoa kosa hilo katika sheria zake mwaka 1811. Ujerumani ilisubiri mpaka 1994 kukifuta kabisa kifungu chake.

Niliingia nikiwa na muuguzi wa idara ya afya ya jiji, mama wa makamo mwenye begi kubwa. Waliokuwamo walikuwa na taulo kiunoni. Mimi nilikuwa na koti, suruali na daftari, na nadhani jioni ile ni mimi niliyeonekana uchi. Hakuna aliyenisumbua. Wengi walikuwa wazee wa umri wa wajomba zangu, wanakunywa kahawa na kulalamikia treni zinazochelewa. Nilikuwa nimejiandaa kushtuka, na kwa muda wa nusu saa nzima sikupata cha kunishtua.

Muuguzi alipewa chumba kidogo kando ya baa. Aliyetaka aliingia, akachomwa kidole, akapata majibu ya VVU kabla kahawa yake haijapoa. Alitoa pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo Uholanzi imekuwa ikiwapa bure watu wa makundi yaliyo hatarini tangu 2002. Kaunta ya baa ilikuwa na bakuli la kondomu na vilainishi, bure, kama sisi tunavyoweka vijiti vya meno. Hakuuliza mtu ameoa au hakuoa. Aliuliza: unaumwa wapi, na mara ya mwisho ulipimwa lini. Baadaye nilifika Antwerp, Ubelgiji, nikaelezwa kwamba wataalamu wa chuo chao cha tiba za nchi za joto wamewahi kuingia kwenye nyumba kama hizo na kupima watu kwa mate tu, bila sindano.

Msidhani wenzetu walikubaliana tangu mwanzo. UKIMWI ulipoingia, mkuu wa afya wa San Francisco aliamuru nyumba hizo zifungwe Oktoba 1984. New York ilifuata mwaka 1985. Sweden ikatunga sheria ya kuzipiga marufuku mwaka 1987. Hoja yao ilikuwa nzito: nyumba ambamo mtu mmoja aweza kukutana na watu wengi usiku mmoja ni hatari. Waliopinga walisema kwamba ukiifunga, watu hawaendi nyumbani kulala, wanaenda bustanini na vyoo vya stesheni, ambako huwezi kubandika tangazo wala kumweka muuguzi. Uholanzi iliziacha wazi. Sweden iliifuta sheria yake mwaka 2004. Mimi siwezi kumhukumu mtu kwa alichoamua mwaka 1984, wakati dawa hazikuwapo na hata kipimo kilikuwa hakijaanza kutumika. Lakini ugonjwa wa mpox ulipozuka Ulaya mwaka 2022, na sauna moja ya Madrid ikatajwa sana hata ikafungwa, nilimkumbuka yule mama na begi lake. Mwaka uliofuata ugonjwa huo ulisambaa kupitia baa za mji wa machimbo wa Kamituga, Kivu ya Kusini, ambako wateja ni wanaume wanaofuata wanawake. Machi 2025 na sisi tukatangaza wagonjwa wetu.

Sasa nirudi Amsterdam, jioni ile ile. Nilikuwa namwuliza muuguzi swali kwa Kiingereza changu chenye Kisukuma ndani yake, nikasikia nyuma yangu: "Shikamoo kaka."

Niliitikia marahaba kabla sijafikiri. Nilipogeuka nikaona kijana wa miaka thelathini hivi, taulo kiunoni. Akasema, "Nimeijua sauti kabla sijaiona sura. Wewe si ndiye wa Jumapili?"

Alikuwa msikilizaji wetu. Amekulia huku kwetu ziwani. Zaidi ya hapo sisemi, maana aliniapisha. Tulikaa kwenye baa. Nilimwuliza habari za kazi, za baridi, za chakula. Akajibu zote. Kisha akasema, "Kaka, uliwahi kutusema redioni."

Nilitaka kukana. Akanikumbusha maneno yenyewe. Katika mazungumzo ya Jumapili moja, miaka mingi nyuma, nilisimulia habari ya mwanaume aliyeonekana sokoni amejipaka wanja, nikamalizia kwamba watu wa namna hiyo wakiugua wapelekwe kwa daktari wa mifugo. Ndugu wasikilizaji, niliikumbuka. Niliipenda sana ile, hata nikairudia juma lililofuata kwa maombi ya wasikilizaji.

"Siku ile," akasema, "tulikuwa uani na mama, anachambua dagaa. Alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka. Nilikuwa na kidonda, juma la tatu. Nilikuwa nimepanga Jumatatu niende zahanati. Sikwenda."

Kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi, na baada ya majuma machache hupona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani. Yeye alinunua vidonge vya rangi mbili duka la dawa, kidonda kikaondoka, akashukuru Mungu. Miaka ikapita. Alikuwa na mchumba wakati huo. Alipofika Uholanzi, ndipo kwenye chumba kidogo kama kile akachomwa kidole, akaambiwa ana kaswende na ana VVU. Kaswende ilitibiwa kwa sindano za penisilini. Dawa za VVU anameza kila siku, na virusi vimeshuka hata kipimo hakivioni, maana yake hawezi kumwambukiza mtu kwa kujamiiana. Alimpigia simu yule mchumba wa zamani akapime. Hakuniambia majibu, nami sikuthubutu kuuliza.

Kinachoniuma ni kwamba hili lilitokea Mwanza, kati ya miji yote. Miaka ya 1991 hadi 1994, katika mkoa wetu, wataalamu wa NIMR, AMREF na chuo cha tiba cha London walichukua jamii 12: za vijijini, visiwani, barabarani na mwambao wa ziwa. Katika jamii 6 waliwafunza wahudumu wa zahanati za kawaida kutibu kisonono, kaswende na pangusa, wakahakikisha dawa hazikatiki. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40 kulinganisha na zile 6 nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na dunia nzima ikalisoma jina la Mwanza. Utafiti wa baadaye Uganda, kule Rakai na Masaka, haukupata matokeo kama hayo, na wataalamu walibishana sana. Ila hakuna aliyebisha kwamba mwenye kidonda atibiwe.

Najua sheria yetu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Najua kwamba mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi, na Februari 2017 ikasimamisha huduma za UKIMWI kwa makundi hayo katika vituo 40 vya mashirika. Na majuma machache kabla sijakutana na kijana huyu, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alikuwa ametangaza kamati ya kuwasaka. Serikali ikasema tarehe 4 Novemba 2018 kwamba yale yalikuwa maoni yake mwenyewe. Sheria ina wenyewe, wako Dodoma. Mimi nazungumzia ile Jumatatu moja. Zahanati ilikuwapo, dawa ilikuwapo, na mhudumu pengine asingemwuliza lolote. Aliyemzuia njiani ni mimi, na mkoa wa polisi haukuhusika.

Nilimwomba msamaha palepale kwenye baa, mimi na koti langu. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliniuliza kama bado nasoma salamu za wasikilizaji mwisho wa kipindi. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi ukirudi msalimie mama. Ila jina langu usilitaje."

Jumapili ya kwanza niliyorudi nilisoma salamu kwa mama mmoja anayetusikiliza huku akichambua dagaa. Walinipigia simu akina mama wengi siku ile, kila mmoja akidai ni yeye.

Mama mwenyewe alifariki mwezi uliopita. Mwanawe hakuweza kuja kuzika. Alinipigia usiku, tukazungumza kwa muda mrefu habari za mama na za msiba, kisha akasema sasa naweza kuyasema haya hewani, mradi nisiiruke ile ya daktari wa mifugo.