KUNYAMAZA SI KURIDHIA
(Maelezo ya Katibu kwenye mkutano wa tawi)

Haya ndiyo tuliyoyasema mkutanoni Jumapili. Tunayaleta hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.

Tulianzia Msumbiji. Kuanzia 1938 hadi 1961 utawala wa Wareno uliwalazimisha wakulima kulima pamba na kuziuzia kampuni kwa bei ya chini iliyopangwa na serikali. Aliyekataa waziwazi alichapwa, au alipelekwa kazi ya shokoa. Mzigo mkubwa uliwaangukia kina mama.

Basi wapo waliopokea mbegu kwa heshima zote, wakaenda nazo nyumbani, wakazichemsha, ndipo wakazipanda. Msimamizi akipita anaona watu wameinama shambani. Mbegu haioti. Wengine walilima eneo dogo kuliko waliloagizwa. Wengine walitia mawe kwenye magunia ya pamba ili uzito uongezeke. Na maelfu walivuka Ruvuma wakaingia Tanganyika, wengi wao wakaishia kwenye mashamba ya mkonge.

Hakuna aliyehutubia wala aliyebeba bango. Mabwana wakahitimisha kwamba ardhi ya pale haifai kwa pamba. Sisi tunaoshika vitabu tujifunze hapo: hesabu inaweza kulingana pande zote mbili na bado isiseme ukweli.

Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kudai haki zao waziwazi, wakapigwa risasi. Tarehe 25 Juni 1962 FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam. Wakati huo tayari wakulima walikuwa wamesema "hapana" kwa mikono yao kwa miaka mingi.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa tatu tulipitisha mchango wa shilingi 5,000 kwa kila mwanachama kwa ajili ya ofisi. Muhtasari unasema "wote waliridhia". Mpaka leo, kati ya wanachama 64, waliolipa ni 11. Kila tukipita tunajibiwa, "Kesho, Katibu." Nasi tukasema wanachama hawa ni wazito.

Ndugu zetu, hiyo ndiyo "ardhi haifai" yetu. Hatujilinganishi na wakoloni, lakini kosa ni lile lile: hatukuuliza. Wengi wenu mlikuwa mmetoka tu kuchangia madawati ya shule, na sisi tulilijua hilo.

Kwa hiyo Kamati imeamua:

1. Mchango umesimamishwa.
2. Fedha za waliolipa zipo zote. Njoo na stakabadhi yako uone kitabu, na anayetaka kurudishiwa atarudishiwa.
3. Jumapili ijayo, saa 10 jioni, tutajadili upya kama tunaihitaji ofisi na kwa kiwango gani. Anayeona uzito kusimama aandike kwenye karatasi, bila jina.

Tuambieni "hapana" mchana kweupe. Hapa hakuna wa kukuchapa, na mbegu ikichemshwa tunakosa mavuno sote.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati.