Miwani ya Mtandaoni: Vipimo Kwanza
Msikilizaji wetu wa Chamazi, kuagiza miwani kwa simu kunakuokolea nauli ya mjini, lakini simu haikupimi macho. Anza kwa mtaalamu wa macho, iwe hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, au kliniki ya jirani, na usiondoke bila karatasi ya vipimo.

Angalia alama za namba kwenye karatasi hiyo: ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha mara nyingi ni ya kusomea. Ukizibadilisha, umepoteza hela.

Kisha omba uandikiwe umbali kati ya mboni na mboni kwa milimita. Kwa watu wazima wengi ni kati ya 54 na 74. Karatasi nyingi hazina kipimo hiki, nacho kikikosewa kichwa kinagonga na ngazi zinayumba. Miwani ya mtoto tafadhali usiiagize kwa simu: fremu ijaribiwe puani pake.