Kabati Jipya, Karani wa Zamani
(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya kuandika programu za kompyuta. Nitawaeleza kosa langu moja, maana lina funzo kuliko mafanikio yangu.

Hifadhidata ni kama kabati la majalada, na programu ni karani anayelitumia. Ukilipanga kabati upya bila kumwarifu karani, atapapasa tu.

Ofisi niliyoitumikia ilitunza kumbukumbu za wastaafu. Jina zima la kila mmoja lilikaa katika safu moja ya jedwali. Tukaagizwa tuigawe safu hiyo iwe tatu: jina la kwanza, la kati na la mwisho. Nikabadili programu, nikaunda hifadhidata mpya ya kujaribia, nikaingiza watu kumi wa kubuni, wote wenye majina matatu. Majaribio yote yakafaulu.

Siku ya malipo bibi mmoja mwenye majina mawili alifika dirishani. Jina lake la pili lilikuwa limeingia safu ya kati, na kwa kuwa safu ya mwisho ilikuwa tupu, orodha ya malipo ilimruka. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na wengine nyuma yake. Programu ya kuchapa barua, ambayo sikuigusa, ilikwama ikitafuta safu tuliyoifuta.

Kosa langu lilikuwa hili: nilijaribu kabati jipya lililo tupu, hali kazi ilikuwa kulibadili kabati la zamani lililojaa.

Wakubwa nao hujikwaa. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia kumbukumbu za wateja katika mfumo mpya. Kumbukumbu zenyewe zilifika, lakini mfumo ulilemewa na wateja wengi wakashindwa kufikia akaunti zao. Desemba 2022 ilitozwa faini ya pauni 48,650,000.

Tangu siku ile nashika mambo manne. Kwanza, nafanya mabadiliko juu ya nakala ya kumbukumbu za kweli, siri za watu zikiwa zimefichwa, ndipo naendesha majaribio yote. Pili, nahesabu mistari kabla na baada. Tatu, sifuti safu ya zamani siku hiyohiyo. Naongeza mpya, najaza zote mbili, najaribu programu ya zamani na mpya, na kufuta huja mwisho, pasipokuwa tena na programu inayoitumia. Nne, najaribu pia njia ya kurudi nyuma, kabla sijaihitaji.

Wadogo zetu, hapa shuleni tulihimizwa kuhakiki majibu kabla ya kukabidhi karatasi. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya alama. Yule bibi alilipwa baadaye, lakini bado namwona pale dirishani.