Maji Maangavu: Kinondoni Ilichojua na Isichojua Kuhusu Kipindupindu



Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanakijua kipindupindu kama ugonjwa wa masika. Mvua inapiga, vyoo vinatapishwa, mitaro inafurika, kisha watu wanaanza kuhara. Mlipuko wa 2015 haukungoja mvua. Ulianza Kinondoni katikati ya Agosti, kiangazi, vumbi likitimka Tandale na Manzese. Kufikia tarehe 20 Aprili 2016, nchi nzima, Zanzibar ikiwemo, ilikuwa na wagonjwa 24,108 na vifo 378.

Kiangazi nacho kina njia zake. Bomba likikauka, watu hununua maji ya mkokoteni, dumu la lita 20, bila kujua yamechotwa wapi. Katika mitaa iliyobanana, visima vingi ni vifupi na viko hatua chache tu kutoka choo cha shimo.

Dai la mhadhara huu ni kwamba wananchi walikuwa wameelimishwa, ila elimu yenyewe iliwazoesha kuogopa kinachoonekana. Kwa miaka mingi waliambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa uchafu. Basi mtu akiyaona maji kwenye glasi yanang'aa, hofu inamtoka, na mkaa wa kuchemshia anaubakiza kwa ajili ya maharage.

Macho na ulimi vimewahi kudanganya hata waliojiweza. London, mwaka 1854, daktari John Snow alifuatilia vifo vilivyozunguka pampu ya Broad Street. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mjane aliyehamia Hampstead, mbali kabisa na mtaa ule. Alikuwa akiletewa maji ya pampu hiyo kila siku kwa sababu aliyapenda kwa utamu wake.

Hapa kwetu, mlipuko ukiendelea, tarehe 9 Desemba 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaigeuza siku hiyo kuwa ya usafi, naye mwenyewe akazoa taka eneo la Feri. Mitaro ilizibuliwa na malundo ya taka yakaondolewa, jambo lililohitajika sana. Hata hivyo, uwanja ukifagiwa mara kumi, kisima kilichoingiliwa na choo kinabaki vilevile.

Ukiacha imani hiyo ya kwanza, kwamba kinachoonekana safi ni salama, imani ya pili ni kwamba mwenye kipindupindu atajulikana tu kwa kuwa atakuwa hoi. Ukweli ni kwamba wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, lakini wanaweza kutoa vimelea kwenye choo kikubwa kwa siku 1 hadi 10. Tazama meza ya mama lishe saa saba mchana. Kitambaa kimefuliwa, sahani zinametameta, na pembeni kuna beseni moja la kunawia. Wa kwanza anachovya mikono, anafuata wa pili, na wa sita anachovya humohumo kabla ya kukata tonge. Kila mmoja anaondoka akijua amenawa. Ndiyo maana maofisa afya husisitiza maji tiririka na sabuni: jagi lenye mtu wa kumimina, ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi.

Imani ya tatu ndiyo inayoua haraka zaidi: kwamba anayehara asinywe maji, yasije yakamzidishia. Mgonjwa mahututi wa kipindupindu anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, na kinachomuua ni kukaukiwa. Akirudishiwa maji na chumvi mapema, vifo hushuka chini ya 1 katika kila wagonjwa 100. Katika mlipuko wa 2015 vilikaribia 16 katika kila 1,000. Nyumbani, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikipimwa kwa usawa, vinatosha kumshikilia mgonjwa njiani kuelekea kituo cha afya.

Kwa hiyo matangazo yajayo yasiishie kwenye picha ya jalala. Yaonyeshe glasi ya maji maangavu na kuuliza yametibiwa lini. Pakiti za ORS, yaani chumvi ya kurudisha maji mwilini, ziwekwe kwa Mangi, kwenye duka la mtaa, karibu na mgonjwa, hata usiku. Nao maofisa afya wa kata wapime klorini kwenye visima na madumu, kwani kipimo hicho hubadilika rangi ndani ya dakika chache, kisha wabandike majibu kila wiki kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kisima kwa kisima, kwa majina ambayo wachotaji wenyewe wanayatumia.